Goti la Kushoto la Mama Mkwe

3 Machi

Mkwe wangu,

Nakuandikia kwa sababu kuna maneno ambayo mtu hawezi kumwambia mkwewe uso kwa uso. Nikikupigia simu nitapandisha sauti, na sitaki jengo zima liseme kwamba Mwalimu Kengele amemfokea mume wa bintiye. Kaa chini usome.

Jana asubuhi nilikwenda hospitali kama nilivyopangiwa, gauni nimelipiga pasi, picha za goti la kulia mkononi. Dada wa mapokezi akatazama kompyuta yake, kisha akanitazama mimi kama mtu aliyekosea mlango. "Mama, upasuaji wako umeahirishwa." Nani kaahirisha? "Mkwe wako alipiga simu, akaongea na daktari." Watu wa foleni nyuma yangu wote wakatega masikio. Nilisimama pale na fimbo yangu nikacheka kama mwehu. Nimeongoza shule mpaka nikastaafu, hakuna aliyefungua dirisha bila idhini yangu, leo mwili wangu unaahirishwa kwa simu na mume wa mtoto wangu!

Nikukumbushe jambo. Goti la kushoto, hili mlilonitia mwaka jana, halikuwa wazo langu. Mlikuja wewe na mkeo mkaweka goti la mfano juu ya meza yangu ya chakula. Mkeo akalieleza kama anavyolieleza huko hospitalini anakoliuza: chuma juu, chuma chini, katikati plastiki ngumu inayoteleza kama gegedu la mtoto. Wewe ukaongeza kwamba kazi yako maabara ni kuyatembeza magoti ya namna hiyo kwenye mashine mpaka yachoke, na kwamba hili jipya halichoki. "Mama, hili nimelipima mimi mwenyewe." Nikakubali kwa neno lako. Sasa goti la kulia linanitoa machozi, nakaa ghorofa ya nne na lifti yetu ilikufa zamani, na yule aliyenisukuma nitengenezwe ndiye anayenizuia.

Nataka sababu. Pole nimezipata za kutosha.

Mama mkwe wako


9 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Yako nimeipokea na nimeisoma zaidi ya mara moja.

Kwanza naomba radhi kwa usumbufu ulioupata hospitalini. Nilidhani daktari angekupigia mwenyewe. Kuhusu kuahirishwa, kuna masuala ya kiufundi yanayofanyiwa uhakiki, na kwa kuwa masuala hayo bado yako katika hatua ya uhakiki, haitakuwa vyema kuyazungumzia kabla ya uhakiki kukamilika. Naomba uvumilivu wako.

Wakati huohuo ningependa kujua machache kuhusu goti la kushoto. Je, huvimba jioni? Ukiliwekea kiganja, lina joto kuliko mwenzake? Ukishuka ngazi husikia mlio wowote, na kama upo, ni wa kugonga au wa kukwaruza? Je, ukigeuka ghafla linataka kukutoka? Ningekuomba pia upunguze ngazi. Mahitaji ya dukani unaweza kumwagiza jirani.

Mwisho, naomba haya yabaki kati yetu. Binti yako ana kazi nyingi siku hizi, leo yuko mji huu kesho ule, sipendi tumwongezee mawazo.

Wako mtiifu,
Mkweo


14 Machi

Mkwe,

Marahaba. Nimekurudishia nakala ya barua yako ndani ya bahasha hii. Wino mwekundu ni wangu. Neno "uhakiki" umelitumia mara tatu katika sentensi moja na bado sijui kinachohakikiwa ni nini. Mwanafunzi wa darasa la saba angeniandikia hivi ningemrudisha nyumbani akamlete mzazi.

Na tuzungumze basi habari za mzazi. Jirani yangu wa chini alikuwa kliniki ya mifupa Jumanne. Amemwona mama yako kwenye benchi, wewe umemshika mkono. Mama yako, ambaye magoti yake ni mabovu kama yangu na kila tukikutana tunalinganisha maumivu. Nikaketi nikaunganisha mambo. Nafasi yangu inaahirishwa, siku chache baadaye mama yako yuko mlangoni kwa daktari yuleyule. Hilo sihitaji mashine ya kulipima.

Ungeniambia tu! Ungekuja ukasema, Mama, nafasi ni moja na aliyenizaa ni mmoja. Ningekasirika, nisingekusalimia mwezi mzima, lakini ningekuelewa. Badala yake unanipiga chenga na maswali ya kidaktari: linavimba, lina joto, linalia. Goti langu la kushoto ni zima. Halina neno hata moja. Usinitafutie ugonjwa ili upate kisingizio. Na ngazi nitapanda. Sina nia ya kukaa dirishani nikihesabu magari ya watu.

Swali la mwisho, nalo nataka lijibiwe: kwa nini binti yangu asijue? Mwanamume anayemficha mkewe habari za mama yake mzazi ana sababu, na sababu hiyo si ya kiufundi.

Mama mkwe wako, kwa sasa


20 Machi

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa yatakayofuata, kwa sababu adabu imeniishia.

Mama yangu nilimpeleka kwa daktari kumtoa kwenye orodha. Kumtoa! Alikuwa amepangiwa goti lilelile, nikamtoa kama nilivyokutoa wewe, naye hasemi nami hadi leo. Anaamini wewe ndiye uliyepewa nafasi yake. Nina mama wawili na wote wameninunia, na mkikutana safari hii mtalinganisha ubaya wangu badala ya magoti.

Umetaka sababu. Hii hapa.

Mashine yetu ina vituo sita. Kila kituo kina goti moja, chuma na plastiki, limezama kwenye maji ya njano yatokanayo na damu ya ndama, kwa kuwa ndiyo yanayokaribia ute ulio ndani ya goti la mtu. Mashine inayakunja na kuyanyoosha huku imeyakandamiza kwa uzito wa mtu mzima, hatua mamilioni, bila kwenda popote. Baada ya kila kipindi tunatoa plastiki, tunaiosha, tunaikausha, tunaipima. Uzito uliopungua ndiyo plastiki iliyolika. Niliposema nimelipima goti lako sikukudanganya. Nililipima katika majaribio mafupi, na msuguano ulikuwa mdogo kuliko tulivyowahi kuona. Kampuni ikafurahi, ikaanza kuuza. Majaribio marefu yakaendelea nyuma yake.

Mwezi uliopita nilifungua vituo. Katika vitatu maji yalikuwa yamegeuka kama maziwa yaliyomwagiwa majivu. Ule ni unga wa plastiki, Mama. Ndani ya mtu, mwili unaupiga vita unga ule, na katika vita hivyo mfupa wenyewe ndio unaolika, mpaka chuma kinalegea.

Nikampelekea mkuu wangu wa maabara. Akasema mizani imeharibika. Nikamwonyesha kipande cha saba. Hicho hatukitembezi, tunakiloweka tu kwenye maji yaleyale ili tujue plastiki hunywa kiasi gani. Mizani ileile, siku ileile, kipande cha saba kilikuwa na uzito uleule tuliotarajia. Ni mizani gani hiyo inayougua kwa vipande vitatu na kupona kwa vingine? Akaniambia nina kiburi. Kisha akaviondoa vituo vile vitatu kwenye ripoti, akapiga wastani wa vilivyobaki, ripoti ikatoka safi kama shuka la hotelini.

Goti lako la kushoto ni la toleo hilohilo. Ndiyo maana nauliza kama linavimba.

Mke wangu hajui. Kila Jumatatu ninamtazama akiyapanga magoti yale ndani ya mkoba wake wa kazi na kuyafuta kwa kitambaa yang'ae. Nangoja mkuu akubali kuirekebisha ripoti kwanza, ndipo nimwambie na dawa yake ikiwa mkononi. Nakusihi, usimwambie.

Mkweo


24 Machi

Leo sikuiti mkwe. Nikikuita mkwe itabidi nikuheshimu.

Goti langu linavimba. Limekuwa likivimba tangu mwaka uanze. Linalia kama mlango wa stoo, jirani wa chini hujua ninashuka kabla hajaniona. Nilinyamaza kwa ajili ya mwanangu. Aliniambia jinsi anavyowasimulia madaktari wa miji yote: "Mama yangu mzazi analo, anapanda nalo ghorofa ya nne." Mimi ndiye tangazo lake. Ningemwambiaje kwamba tangazo linachechemea? Kwa hiyo kila akija navaa gauni refu, natembea wima mbele yake huku nimeuma meno, na akishaondoka nalala na kitambaa cha maji baridi juu ya goti. Na wewe nilikuandikia kwamba ni zima. Haya, nilidanganya.

Lakini mimi nilificha goti langu. Wewe umeficha magoti ya watu.

Unasema kila Jumatatu unamtazama akiyafuta kwa kitambaa. Na wewe wakati huo unafanya nini, unakunywa chai? Unamfungulia mlango, unamtakia safari njema, mtoto wangu anaingia hospitalini na uso wake mkunjufu kuwauzia watu kitu ambacho mama yako mwenyewe umemkataza! Mama zako wawili umewatoa kwenye foleni kimyakimya. Na mama za wenzako? Na yule atakayelala juu ya kitanda cha upasuaji Jumatatu hii kwa sababu binti yangu anajua kueleza vizuri? Ulijiona una huruma. Umechagua watu wako ukawaacha wengine, na hao wengine ukawapelekea mke wako.

Eti nangoja mkuu akubali. Mtu aliyefuta vituo vitatu mchana kweupe, umngoje aote ndoto njema abadilike?

Nakupa mpaka Jumapili. Jumapili ikipita hujamwambia, nitamwambia mimi, na nitamwambia yote mawili, habari ya goti na habari ya mdomo wako uliofumbwa. Mimi Jumatatu nakwenda kupigwa picha.

Mama wa mke wako


31 Machi

Kwa: Mtaalamu wa Vipimo vya Uchakavu
Yah: Mwenendo wako

Imetufikia habari kwamba umewasiliana na daktari wa nje ya kampuni kuhusu matokeo ambayo hayajaidhinishwa. Hilo ni kinyume cha kiapo cha usiri ulichotia saini.

Kama ulivyokwisha kuelezwa, vituo namba mbili, nne na tano viliondolewa kwenye ripoti kwa sababu ya kasoro ya mizani. Uamuzi huo ni wa ofisi hii peke yake na haujadiliwi.

Kuanzia leo umesimamishwa kazi na hutaingia maabara. Kabidhi kadi yako ya mlango kwa mlinzi. Unakumbushwa kuwa kiapo chako kinaendelea kukufunga hata baada ya ajira.

Nakutakia mapumziko mema.

Mkuu wa Maabara


1 Aprili

Mkuu,

Kadi hii hapa, sikumpa mlinzi kwa sababu nilitaka ufungue bahasha mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza kazini nilishika sampuli kwa vidole vitupu. Ulinifokea mbele ya wote. Ukasema mafuta ya kidole yana uzito, na mtu asiyejali uzito wa mafuta ya kidole atafute kazi ya kuuza viazi. Nilikwenda nyumbani nimetahayari, lakini nilikuheshimu, na tangu siku ile sijawahi kugusa plastiki bila glavu. Wewe ndiye uliyenifundisha. Sasa niambie, mtu aliyekuwa anaogopa mafuta ya kidole amewezaje kumeza vituo vitatu vizima bila kukwama kooni?

Mizani haikuwa mbovu. Unajua, najua, na kama umesahau, kipande cha saba kiko kwenye kabati la kushoto, rafu ya chini, kapime tena.

Mama mkwe wangu amepigwa picha juzi. Mfupa chini ya chuma umeanza kuwa na vishimo. Nenda kamweleze yeye habari za kasoro ya mizani. Anakaa ghorofa ya nne, lifti ni mbovu, utapanda kwa magoti yako mazima.

Umenitakia mapumziko mema. Mimi sikutakii.

Aliyekuwa Mtaalamu wako wa Vipimo


11 Aprili

Wewe,

Simu yako nimeizuia, usihangaike kupiga. Niko kwa mama. Nguo zangu nitazifuata siku ambayo hupo.

Umeniambia Jumapili jioni, nikiwa naupanga mkoba kwa ajili ya kesho yake. Nikakuuliza umejua tangu lini. Tangu Februari! Februari yote na Machi yote umekaa mezani na mimi, umenisikiliza nikijisifu kwamba hospitali nyingine tena imekubali, ukasema "hongera". Ulisema hongera! Hilo ndilo linalonirudia kichwani nikiwa njiani, kuliko hata unga na mifupa. Ningekuwa na pumzi siku ile ningekuvunjia kila sahani ya kabati lile.

Jumatatu nilitoka na mkoba kama kawaida. Sikwenda kuuza. Nilirudia njia yangu yote, hospitali moja baada ya nyingine, kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza. Daktari wa kwanza alinicheka. "Mwezi uliopita ulikaa kwenye kiti hichohicho ukaniambia halichoki." Nikamwambia ndiyo, mdomo ni huuhuu, na leo umekuja kukwambia acha. Akaacha kucheka. "Nimewawekea wangapi?" Nikamtajia. Akanyanyuka bila kuniaga, nikamsikia kwenye korido akiita mafaili yaletwe. Mwingine alinifukuza, akasema nimetumwa na washindani. Nikakaa kwenye ngazi za nje mpaka alipotoka, nikamfuata hadi kwenye gari lake nikimweleza, walinzi wananivuta mkono. Mwanamke mmoja kwenye benchi la wagonjwa alinitambua. "Dada wa magoti!" akaniita kwa furaha. Nilimpa goti lile mimi, kwa maneno yangu. Ana kibanda cha kushona viatu, anasimama kutwa. Nilimsalimia, nikaingia chooni, nikalia mpaka kitambaa cha kufutia magoti kikaloa.

Kazi wamenifuta kwa ujumbe wa mstari mmoja. Daktari wa mama na wenzake wanaandika barua ya pamoja kwa kampuni na kwa wizara. Jina lako sikulitaja, si kwa kukulinda. Sikutaka waseme nimekwenda kusema yaliyosemwa na mume wangu.

Mama amenionyesha barua zako. "Sipendi tumwongezee mawazo." Nani alikuomba unipunguzie? Mimi si kile kipande chenu cha saba, cha kulowekwa pembeni kisiguswe na kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nikitembea na uongo huo mkononi, na uzito wake wote umeniangukia mimi, mbele ya watu ninaojua majina ya watoto wao.

Usije hapa.

Mke wako


16 Mei

Mkwe,

Nimerudia kukuita hivyo kwa sababu binti yangu hajaniambia niache. Usilichukulie kama msamaha.

Nimepasuliwa upya wiki iliyopita. Daktari ametoa plastiki ile, amesafisha, ametia ya aina ya zamani. Bahati yangu chuma chenyewe hakikuwa kimelegea bado. Nilimwomba anionyeshe kilichotoka, akakataa, nikamkumbusha kwamba nilimfundisha kusoma, akakubali. Upande mmoja kipande kile kilikuwa kimebaki chembamba kama ukucha. Na nyama ya pembeni yake, akasema, ilikuwa ya kijivu. Kijivu, ndani ya mguu wangu! Nilikitazama nikatamani kumpiga mtu makofi, nikakosa aliyekuwa karibu isipokuwa muuguzi asiye na hatia.

Mama yako mzazi alikuja kuniona wodini. Nilimweleza kila kitu. Alilia kidogo, kisha tukakusema kuanzia saa za kutazama wagonjwa zilipoanza mpaka walipomtoa. Ana maneno makali yule, sikujua. Sasa anajua kwa nini ulimtoa kwenye orodha, ila anasema ungemwambia, na mimi nasema hivyohivyo. Mnatupenda kama vyombo vya udongo, ninyi watoto. Tumekwisha kuwazaa, mnadhani kipi kitatuvunja?

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Nasikia kampuni imesimamisha magoti yale baada ya barua ya madaktari. Nasikia pia wamekuita urudi kuyapima upya, vituo vyote sita, madaktari wakishuhudia, na wewe umekataa. Binti yangu ameambiwa na mhasibu wa pale. Eti umekataa kwa sababu mkuu yule hakufukuzwa, amehamishiwa ofisi nyingine, yenye dirisha kubwa zaidi.

Hasira yako ni ya haki. Nami ninayo. Lakini itumie vizuri. Ukikataa wewe watamtafuta mtu mwingine, kijana mpole asiyejua kubishana na mizani, naye ataandika atakachoambiwa. Kuna watu huko mijini wana kitu kile miguuni na hawajui kama wakingoje kiwalegee au wakitoe leo. Wanaosubiri jibu ni wao. Mkuu wako na dirisha lake si kitu.

Rudi ukapime. Nenda umekunja uso hivyohivyo, usimsalimie mtu. Lakini kapime.

Mama mkwe wako


2 Septemba

Mke wangu,

Najua umenikataza kuja, na sijaja. Kuandika hukunikataza.

Nilirudi maabara mwezi wa tano. Niliweka masharti mawili: kwamba vituo vyote sita vitaingia kwenye ripoti hata mashine ikiwaka moto, na kwamba kila siku ya kupima uzito daktari mmoja wa nje atakuwepo. Walikubali kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Kwenye korido watu wengine hugeuza nyuso wakiniona. Mkuu wa zamani nilikutana naye getini, akaniambia, "Umeridhika sasa?" Nikamwambia bado. Nilimwona amezeeka, nikakasirika zaidi kwa sababu nilitaka kumwonea huruma.

Mashine imesimama leo mchana. Matokeo ni haya. Vipande vyote sita vimelika, si vitatu. Vile vitatu vilivyoonekana vizuri mara ya kwanza vilikuwa vimechelewa tu. Njia mpya ya kuipika plastiki inaifanya iwe ngumu na yenye kuteleza juu, ndiyo maana mwanzoni msuguano unakuwa mdogo na kila mtu anafurahi. Chini ya ngozi ile ya juu ni dhaifu. Hatua zikizidi, ngozi inabanduka, na ikishabanduka kinachofuata kinakwenda haraka. Hakuna kosa la mizani. Hakuna goti zuri na goti baya katika toleo lile. Kila aliyetiwa lazima aitwe, apigwe picha, na wengi itabidi wafunguliwe tena, akiwemo yule mama wa viatu. Nimeandika hivyohivyo, bila neno la kulainisha.

Nilipokuambia "hongera" nilijisikia nikisema, na sikuacha. Nilidhani nikinyamaza kidogo tu nitapata njia ya kukupa jambo hili likiwa limekwisha kutengenezwa. Nilikuwa naogopa macho yako. Sasa nimeyakosa kabisa.

Ripoti hii sijampa mtu. Kampuni itaipata kesho asubuhi, madaktari wataipata saa hiyohiyo. Nakala ya kwanza ndiyo hii, nimeifunga pamoja na barua. Nimeanza na wewe.

Mume wako


6 Septemba

Wewe,

Nimeisoma. Nimeisoma yote, pamoja na michoro, kisha nikamsomea mama kwa sauti. Alisikiliza amefumba macho mpaka nikafikiri amelala. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo vyote sita?" Nikamwambia vyote sita. Akatukana. Sikuwahi kumsikia mama akitukana.

Jana nilikwenda kwa yule mama wa viatu kabla hajapokea barua ya hospitali. Sikutaka aisome peke yake. Aliniuliza kama nitakuwepo siku ya kufunguliwa, nikamwambia nitakuwepo. Kisha akaniita mwongo, na alikuwa na haki, nikakaa hapohapo akaniita tena. Tulipoagana alikataa kunipa mkono, lakini alinisindikiza mpaka barabarani. Wako wengi kama yeye. Nitawafikia wote. Nahitaji mtu wa kunieleza vizuri picha zao zinasema nini, kwa sababu sitasimama tena mbele ya mgonjwa na kusema nisilolielewa mwenyewe. Ukinificha kitu hata kimoja, hata kidogo kama yale mafuta ya kidole uliyonisimulia, utaniona kisogo.

Mama hajakusamehe. Mimi pia bado. Nina hasira nyingi, na nimechoka kuzibeba kwenye nyumba ya mama. Njoo Jumamosi unichukue, nikazimalizie nyumbani kwangu.

Mke wako